Mafuta ya Gia

Waliomchongea Alfonce walikuwa sisimizi. Lau si wao, pengine mambo yangeishia palepale jikoni, kwa manung'uniko mawili matatu na chakula kilichobaki sahanini. Lakini sisimizi hawajui heshima ya ukweni. Walipanga mstari mmoja mwembamba kutoka chini ya meza ilipokaa chupa ya mafuta, wakavuka kizingiti, wakakata ua, wakapanda tairi la nyuma la baiskeli, wakaingia kwenye gia. Mama mkwe wake, ambaye ndiyo kwanza ameiweka pembeni sahani ya kuku aliyoshindwa kuila, aliufuata mstari ule kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akamtazama binti yake Gati.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, na mjini Musoma kila kitu kilikuwa kinatafutwa. Sabuni ilitafutwa, sukari ilitafutwa, mafuta ya taa yaligawiwa kwa kibaba na kwa kujuana. Kilichojaa ni sangara peke yake. Sangara walivuliwa wakubwa wakubwa, wakayeyushwa mafuta, na mafuta yale yakakaangia kila kitu mpaka maandazi ya mtaa wa Mukendo yakanuka ziwa. Watu walizoea. Mama yake Gati hakuzoea. Yeye alikuwa mtu wa Nyamuswa, mtu wa ng'ombe na ulezi, na harufu tu ya mafuta ya sangara ilimpindua tumbo. Ndiyo maana Gati aliitunza chupa moja ya mafuta ya pamba kwa miezi minne, hakuigusa hata siku Dorkas, binti yao wa miaka minne, alipolilia chapati. Ilikuwa inamsubiri bibi yake aje kwa mara ya kwanza kuona mji wa binti yake.

Alfonce alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali pale mjini, na alikuwa na kitu ambacho hata mkuu wake wa kazi hakuwa nacho: baiskeli ya gia kumi. Aliachiwa na mwalimu mmoja wa Kidenishi aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Wenye baiskeli za Swala na Phoenix walikuwa wakisimama kuitazama. Kule nyuma, chini ya meno ya gia, kulining'inia mkono mdogo wa chuma wenye vigurudumu viwili vya meno, na mnyororo ulipita humo kwa kujikunja. Ukivuta kishikio, mkono ule ulijisogeza wenyewe, na mnyororo ukahama jino. Alfonce aliupenda mkono ule kupita kiasi, tuseme ukweli. Kila Jumamosi aliigeuza baiskeli miguu juu, akausugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, akaufuta, akautia oili kidogo, akaufuta tena, kama Mdenishi alivyomfundisha. Gati alizoea kusema kwamba mumewe akioga mwenyewe hamalizi hata robo ya muda ule.

Basi oili ikaisha. Mji mzima ukaishiwa oili. Wiki ile ya ugeni wa mama mkwe, gia ilikuwa inalia kavu, na Alfonce hakutaka kuipaka sangara, maana angeingia nayo ofisini ikinuka. Akaichukua ile chupa ya mafuta ya pamba. Vijiko viwili tu, alijiambia. Lakini mikono yake ilikuwa na grisi ya zamani. Chupa ikaponyoka, nusu nzima ikamwagika. Alisimama akiitazama ardhi ikinywa. Kisha akafanya jambo la kijinga kuliko yote aliyopata kufanya: akaijaza ile chupa kwa mafuta ya sangara, akaitikisa, akairudisha chini ya meza.

Gati akamkaangia mama yake kuku kwa mafuta hayohayo.

*

"Baba Dorkas, ile chupa uliigusa?"

Alfonce alikuwa ndiyo anarudi kutoka nyumba ya jirani, kwa Hyasinta, alikokwenda kula. Kwa desturi za kwao mtu hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni, wala hamsemeshi. Kwa hiyo hakuwa ameona chochote.

"Chupa gani?"

"Humu ndani kuna chupa ngapi?"

Akainamisha kichwa. "Nilichukua kidogo tu, ya gia. Ikaniponyoka."

"Ukajazia."

"Nikajazia."

"Sangara."

Alfonce akajifuta mikono kwenye suruali.

Gati alizungumza kwa sauti ya chini, maana mama yake alikuwa nyuma ya ukuta. "Mama yangu amekaa juu ya magunia tangu Bunda mpaka hapa. Nikamchinjia kuku. Ameweka tonge mdomoni, amelitoa, amelificha kwenye kiganja ili mimi nisimwone. Nimemwona. Halafu amewaona sisimizi wanapanda kwenye baiskeli yako. Baba Dorkas, umenifanya nionekane mimi ndiye mjinga."

"Mwambie naomba msamaha."

"Mwambie mwenyewe."

Alijua kabisa kwamba hawezi. Watu wote duniani angeweza kuwapigia magoti, isipokuwa yule mmoja aliyemkosea. Akatoka nje, akainama kwenye gia, akaanza kuwafuta sisimizi.

Bibi aliondoka kesho yake asubuhi. Siku ya nne Gati naye akafunga khanga zake na nguo za mtoto, akambeba Dorkas mgongoni. Alfonce alisimama mlangoni akiwa na mfuko wa barua begani, anatakiwa kazini.

"Unarudi lini?"

"Baiskeli yako ukishaisafisha vizuri," alisema Gati, "itakupikia."

*

Siku za kwanza Alfonce alijifanya ana hasira. Hasira ni mwenzi mzuri, inaongea na mtu. Alizunguka chumbani akimjibu Gati majibu makali ambayo angempa kama angekuwepo. Wiki ya pili hasira ikachoka ikaondoka, na hapo ndipo alipoisikia nyumba. Vyumba viwili vya Mukendo, ambavyo siku zote aliona ni vidogo, sasa vilimpwaya. Alikula kwa kusimama, sufuria mkononi. Alipika ugali ukaungua chini na ukabaki mbichi juu. Akinawa mikono, alijikuta anamsogezea Dorkas maji pembeni yake, halafu anayamwaga.

Ofisini karani mmoja aitwaye Danford aliligeuza jambo lile kuwa la mjini. "Alfonce," aliita mbele ya watu waliokuja na shida zao, "ni kweli mama mkwe umemlisha baiskeli?" Watu wakacheka, hata wale wasiojua habari yenyewe. Kwenye foleni ya sabuni mwanamke mmoja asiyemfahamu alimwambia, "Wewe sabuni ya nini, si una gia?" Alfonce alicheka pamoja nao. Alipofika mbele ya foleni, sabuni ilikuwa imekwisha.

Na ile baiskeli aliipanda kwenda kazini kwa sababu hakuwa na budi, lakini gia hakuigusa. Jumamosi ya kwanza aliigeuza miguu juu, akashika mswaki, kisha akauonea aibu ua mtupu. Akairudisha ukutani. Mafuta ya pamba si oili. Yalikaa kwenye vile vigurudumu viwili, yakanywa vumbi la Bweri na la Mukendo, yakaganda yakawa gundi nyeusi. Mnyororo ukaanza kurukaruka meno. Alisikia, akaacha.

"Shemeji, utaongea na ukuta mpaka lini?" Hyasinta alimwuliza siku moja, akimpitishia bakuli la maharage juu ya ua. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye mdomo mwepesi na moyo mwepesi vilevile. "Mwanamke akienda kwao, anafuatwa. Usipomfuata unamwambia abaki."

"Nikienda nitasema nini? Nitaongea na nani? Baba mkwe, Mzee Mwikwabe, amefariki. Keraryo, kaka yake, anashindaga machungani. Anayebaki nyumbani ni yule mama, na yule mama siwezi kumsemesha."

"Utajua ukifika. Lakini usiende mikono mitupu."

Mafuta ya pamba hakuyapata. Alizunguka maduka yote, akaulizia mpaka kwa wavuvi. Mwishowe alifungua taa ya baiskeli yake, ile yenye dainamo, akaibadilisha na mtu mmoja kwa nusu mche wa sabuni. Ilikuwa taa nzuri. Alipoifungua skrubu ya mwisho hakuona uchungu hata kidogo, na jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

*

Aliondoka Jumamosi alfajiri, wiki ya tatu tangu Gati aondoke. Mabasi yalikuwa machache kwa ajili ya uhaba wa petroli, na mwenye baiskeli hakuwa na sababu ya kulala stendi. Akapita Bweri watu wakifagia, akafika Makutano jua likichomoza, akashika barabara kuu ya Bunda. Njiani alijifunza maneno. Nimekosa. Si kwa ajili ya mafuta, ni kwa ajili ya kuficha. Aliyasema kwa sauti, akiyapima, na barabara ilikuwa tupu kiasi kwamba hakuna aliyemcheka.

Alipoipita Kiabakari, kwenye mlima mdogo, alivuta kishikio ili apate jino jepesi. Mkono wa gia ukagoma. Alipolazimisha, mnyororo ukaruka, ukachomoka, ukajibana kati ya meno na spoku. Pedeli ikafa. Nusura aanguke.

Akaiweka baiskeli pembeni, akaigeuza miguu juu. Vile vigurudumu viwili havikuzunguka hata kwa kidole. Yale mafuta ya mama mkwe yalikuwa yameshika vumbi la wiki tatu, yakawa magumu kama nta. Alfonce aliyatazama akaelewa ni mafuta gani, akahisi masikio yanamwaka moto ingawa alikuwa peke yake. Akavunja kijiti cha mti, akaanza kukwangua jino moja moja. Akauchomoa mnyororo taratibu, akapasua upindo wa shati la ndani akapata kitambaa, akafuta. Akachota mchanga mkavu, akasugua. Baada ya kama nusu saa vigurudumu vilizunguka. Akazungusha pedeli kwa mkono. Mnyororo ukapita, kwa shida, lakini ukapita.

Hapo ndipo angepanda akaenda zake.

Lakini alitazama akaona bado kuna weusi kwenye kona za mkono wa gia, na matope ya zamani kwenye fremu. Akawaza atakavyoingia ukweni na baiskeli ileile, gia ileile, chafu, kila mtu anajua ilikunywa nini. Akajiambia ngoja kidogo. Akachuchumaa tena. Na kazi ile, kwa mikono yake, ilikuwa tamu. Kwa wiki tatu mikono ile haikuwa imefanya kitu ilichokijua. Akaingiza ncha ya kijiti ndani, akatoa uchafu mdogo, akafuta. Akatoa mwingine, akafuta. Alisahau jua. Alisahau hata njaa.

Lori lilitokea upande wa Bunda. Alilisikia likipanda, likapunguza mwendo, likanguruma karibu naye kabisa. Mtu akagonga bodi kwa kiganja, paa, paa, paa. Sauti ikaita kitu, ikamezwa na injini. Alfonce hakuinua kichwa. Utingo wa malori walikuwa wanamjua barabara nzima, wakimpita lazima wapige kelele, "Gia! Gia!" na siku ile hakuwa na nafasi ya kuchekwa. Akainama zaidi. Lori likasimama kidogo, likatia moto, likaenda. Vumbi lake likaishukia ile gia aliyotoka kuing'arisha, na yeye akakasirika, akaanza kufuta upya.

*

Nyamuswa alifika saa tisa. Mji wa ukweni ulikuwa kimya. Ng'ombe wako machungani na Keraryo pamoja nao. Alfonce alisimama nje ya lango la miti, akakohoa mara mbili kama mkwe anavyotakiwa. Ndani, mama mkwe aliyekuwa akipepeta ulezi alimtambua kwa kikohozi. Akainuka na ungo wake, akaenda kukaa nyuma ya ghala, upande wasikoonana.

Hakukuwa na mtu wa tatu. Wala Gati hakutokea, wala Dorkas hakuja mbio. Alfonce aliingia, akaisimamisha baiskeli katikati ya ua, akasubiri. Jua likasogea. Kuku walizunguka miguu yake. Alielewa kwamba akisubiri mtu wa kumsemea atasubiri mpaka ng'ombe warudi, na akiondoka bila kusema hatarudi tena, hatapata moyo wa pili.

Akaishika baiskeli usukani, akaanza kuisema.

"Wewe baiskeli," alisema kwa sauti ya kusikika ghalani, "wewe ndiye umenileta kwenye matatizo. Ulikunywa mafuta yasiyokuwa yako. Mafuta ya mgeni. Mafuta yaliyotunzwa miezi minne. Mimi nikakusaidia kuficha. Nikamlisha mzazi kitu anachokichukia, halafu nikaenda kula kwa jirani, nikashiba. Sasa nyumba imekuwa kaburi. Nakaa mwenyewe, naongea mwenyewe. Kama kungekuwa na mtu wa kumwambia, ningemwambia nimekosa. Lakini sina, nakuambia wewe."

Nyuma ya ghala ungo ulikuwa umeacha kusikika.

Baadaye mama mkwe akasema, naye akisema na tetea aliyekuwa akidonoa ulezi mbele yake. "We kuku, una bahati unadonoa tu, huna ya kuwaza. Mimi sikuchukia samaki. Samaki nimewahi kumtapika nikapona. Kilichoniuma ni kujaziwa chupa, nikafanywa mtu mzima asiyejua anachokula. Lakini nimekaa nikawaza: aliyejazia aliogopa. Na mtu anayeogopa bado ana heshima. Asiyekuwa nayo angeiacha nusu, atuambie mtajua wenyewe."

Tetea akadonoa. Alfonce alishika usukani kwa nguvu.

"Nikamwambia binti yangu, rudi kwako. Amekataa kataa, halafu amekubali. Jana ameondoka na mtoto, amelala Bunda kwa shangazi yake. Asubuhi hii alikuwa apande lori la pamba, aende Musoma. Nimempa na chupa ya mafuta, ya pamba, imejaa. Sasa wewe kuku sijui ungekuwa mtu ungefanya nini, lakini mimi ningekunywa huo uji ulioachwa pale mlangoni kwenye kata ya kibuyu, nikarudi nyumbani kwangu upesi."

Alfonce alifurahi mno. Akanywa uji kwa pumzi moja. Akaiweka ile sabuni juu ya jiwe, akaiambia baiskeli, "Asante sana, asante sana," akatoka. Alikuwa ameshafika barabarani ndipo neno moja lilipomrudia. Lori la pamba. Asubuhi. Kutoka Bunda.

Malori ni mengi, alijiambia. Akapanda.

*

Alirudi kwa njia ya Butiama, maana ni fupi ingawa ina milima. Giza lilimkutia Butiama kwa binamu yake Enoka, akalala pale. Asubuhi Enoka aliisikia ile gia ikilia, akatoa chupa ya mafuta ya taa, akiba yake yote. "Lete tuisafishe, nusu saa tu. Wewe si ndio ugonjwa wako?"

"Hapana," alisema Alfonce. "Ikifika, imefika."

Enoka alimtazama kama mtu aliyepata homa.

Gia ilikuwa imeng'ang'ania kwenye jino zito, na milima aliipanda kwa miguu, akisukuma. Hakujali. Kichwani alikuwa ameshafika. Alimwona Gati akimwaga maji mlangoni, akamwona Dorkas akiuliza kwa nini baba ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Atasema yale maneno aliyoyasema kwa baiskeli, ila sasa atamwambia mwenye masikio. Alipoingia Mukendo kengele za misa ya pili zilikuwa zimeshanyamaza, na watu wanarudi makwao wamevaa vizuri.

Mlango ulikuwa umefungwa. Hyasinta alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake, na ufunguo ulikuwa mapajani mwake. Alipomwona Alfonce hakusimama.

"Yuko wapi?" Alfonce aliuliza.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Mama Dorkas yuko wapi?"

"Alikuja. Jana mchana alikuja, na mtoto, na mizigo yake yote. Nikamwambia, umepishana na mwenzio, amekufuata Nyamuswa. Nilidhani atafurahi." Hyasinta aligeuzageuza ufunguo. "Akaniambia, nimemwona njiani. Hapo mbele ya Kiabakari. Nilikuwa juu ya magunia ya pamba, anasema, nikamwona tangu mbali, moyo ukanienda mbio, nikajua ananifuata mimi. Nikamwomba dereva apunguze. Nikagonga bodi. Nikamwita jina lake mara tatu."

Alfonce alikaa chini, palepale kwenye mchanga.

"Nikamwambia, labda imemharibikia, Mama Dorkas, baiskeli si inaharibikaga? Akasema, ningeona inatengenezwa ningeshuka. Ilikuwa inang'arishwa. Akasema, hata safari ya kunifuata mimi ameisimamisha, amwogeshe huyo mwenzangu. Akamwambia dereva twende."

"Na Dorkas?"

"Dorkas alikuwa amelala. Akasema afadhali alikuwa amelala."

Alfonce alitaka kusema kwamba ilikuwa imeharibika kweli, kwamba mnyororo ulijibana, kwamba nusu saa ya kwanza ilikuwa ya lazima. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini lori halikupita katika nusu saa ya kwanza, na yeye alijua hivyo kuliko mtu mwingine yeyote.

"Alichukua sufuria zake na nguo zilizobaki," Hyasinta alimalizia. "Lori lilipogeuza jioni akarudi nalo Bunda, aendelee kwao Nyamuswa. Nimemsihi, shemeji, Mungu ananiona."

Ndani, chumba kilikuwa kimefagiliwa. Pale sufuria zilipokuwa zinaning'inia palibaki misumari mitatu. Mezani, katikati, ilisimama chupa ya mafuta ya pamba, imejaa mpaka shingoni, imefungwa kwa gunzi la hindi.

"Hiyo," alisema Hyasinta akiwa mlangoni, bila kuingia, "amesema ni ya baiskeli. Isije ikaingia tena jikoni kutafuta."

Alfonce alilia. Alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia, na Hyasinta akaondoka taratibu ili asiwe ameona.

*

Jumatatu, wakati wenzake wanafungua ofisi, Alfonce alitoka nyumbani na ile chupa. Aliifunga ndani ya shati lake safi, akaiweka kwenye mfuko wa barua, akauvaa begani. Baiskeli aliiacha ukutani kwa Hyasinta.

"Unaendaje bila hiyo?" Hyasinta aliuliza. "Nyamuswa kwa miguu ni siku mbili."

"Basi nitafika Jumanne."

"Na kazi?"

"Watanitafutia neno la kusema. Danford hakosagi."

Kuanzia Bweri watu waliomzoea walimwuliza gia iko wapi leo, na yeye akawajibu iko nyumbani, wakadhani anatania. Alitembea pembeni mwa barabara, upande wa magari yanayotoka Bunda. Viatu vilimbana kabla hajafika Makutano. Mfukoni chupa ilimgonga ubavu kila hatua, na mara kwa mara aliingiza mkono kuhakikisha gunzi halijalegea.

Hakuwa na maneno mapya. Yale ya zamani alikuwa ameshayamaliza kwa baiskeli, na aliogopa kwamba safari hii atafika akute Gati mwenyewe amehamia nyuma ya ghala. Hata hivyo aliendelea kutembea. Na kila lori lililotokea mbele, liwe la pamba, liwe la ng'ombe, liwe tupu, alisimama, akainua kichwa, akatazama juu ya mizigo mtu mmoja mmoja mpaka likapita na vumbi likatulia.